Goma mpaka Bukavu kwa miguu, pembeni ya Kivu, kipindi cha mvua: uzi kamili

Mwana Katindo

Wandugu salamu kwa wote. Tangu nitupe zile picha za ziwa, kila siku simu inalia, huyu anauliza njia, huyu mpaka, huyu mvua haikuwapiga? Naona niandike yote hapa mara moja, hata mwenye atakuja mwezi ujao asome. Itakuwa ndefu, kaeni vizuri.

Njia yenyewe ni ile wanaita Congo Nile Trail, upande wa Rwanda. Inaanza Rubavu, sisi tunasema tu Gisenyi, inashuka na ziwa kupitia Rutsiro, Karongi, Nyamasheke mpaka Rusizi, na ukishafika Rusizi umefika, unavuka daraja la Ruzizi unajikuta Bukavu. Kilomita 227 zote pamoja. Wa baiskeli wanaipigia hesabu ya siku 5, wa miguu siku 10. Na kabla mtu hajaniuliza kwa nini upande ule na si huku Kongo, Minova, Kalehe, Katana: roho yangu iko huku kwetu, pwani ya Kalehe ni nzuri hata sina la kusema, ila kila mtu hapa anajua usalama wa ile barabara na mimi siwezi kutuma mtoto wa mtu kule. Siku itafika.

Tulikuwa kikundi kidogo, mimi, mwalimu mmoja wa hapa Goma, mshikaji mpiga picha, na dada wawili, mmoja wa Kadutu kule Bukavu mwenye alituambia toka mwanzo yeye anarudi kwao kwa mguu wake, gari hapandi. Vipande vingine vya kusini tulipanda kwenye gudroni juu njia ya chini ilikuwa imejaa maji, na hilo sioni shida, barabara ile ya lami inafuatana na ziwa karibu muda wote, kwa hiyo mtu akichoka au akiugua unapanda tu juu unasimamisha pikipiki ao basi.

Sasa kitu nataka mushike kuliko vyote ni mvua, juu huku kwetu watu wanaiogopa vibaya, wanaogopa kuloa. Kuloa si kitu, utakauka. Cha kuogopa ni saa yenyewe.

Iko hivi. Mwezi wa 5 ulikuwa unaishia, mvua kubwa ya kuanzia mwezi wa 3 inamalizia, siku moja jua kali siku nyingine unaona kama ziwa linahamia mbinguni. Lakini ukiangalia siku tatu nne unaanza kuona mpango wake. Asubuhi kumetulia, ziwa halina hata mkunjo. Jua likishapanda linachoma ile milima, hewa yenye maji ya ziwa inapanda nayo, saa tano mawingu yanaanza kujikusanya juu kwenye migongo, saa nane inapiga, na inapiga na radi. Usiku milima inapoa, upepo unageuka unashuka ziwani, na sasa ni wavuvi ndio mvua inawakuta kule ndani. Si kila siku inafuata hivyo, kuna siku ilitukamata saa tatu asubuhi tukiwa hatuna hata mgomba wa kujificha. Ila ukipanga safari yako kwa hiyo saa unakuwa na nafasi. Sisi saa kumi na moja na nusu tumeshakunja vitu, kunapambazuka tuko njiani, na saa saba popote pale palipotukuta tunatafuta pa kulala. Hata kama jua linawaka. Hata kama imebaki kilomita nne tu. Mpiga picha alikuwa anaumia sana na hiyo, juu mwanga mzuri wa picha unakuja jioni, lakini alikubali.

Hewa tulijifunzia kwa wamama wa kahawa. Kati ya Cyimbili na Kinunu unapita sehemu za kuoshea kahawa, meza ndefu za mbao na wavu, kahawa imeanikwa juu yake, wamama wamekaa huku na huku wanachambua punje mbovu kwa vidole. Simu yangu ilikuwa inasema mawingu kidogo siku nzima. Wale wamama simu hawaiangalii. Wanapiga story, mikono inachambua yenyewe, mara mmoja anainua macho upande wa mlima, anasimama, anavuta turubai bila kusema neno, wenzake nao, na ile meza yote ya kahawa imefunikwa kabla hujamaliza kujiuliza kuna nini. Jua bado linatuwakia kichwani wakati huo! Mwalimu anaongea Kinyarwanda vizuri, akamuuliza mzee mmoja pale wanajuaje. Mzee akamwonyesha mlima: kile kichwa chake ukiona hukioni tena, una muda wa kufunika kahawa, zaidi ya hapo huna. Ikanyesha kweli, tena ile ya kulala. Tangu siku hiyo sisi tukikuta meza zimefunikwa hatuulizi, tunatafuta paa.

Potopoto. Udongo wa ile milima ni mwekundu wa mfinyanzi, ukiloa unateleza kama sabuni, na njia haiendi sawa, inashuka mpaka majini inapanda tena mpaka shambani juu, inashuka tena, siku nzima. Bote za plastiki zile tunavaa Goma ni nzuri kuvuka mto ila ukitembea nazo kutwa zinachubua kisigino, na maji yakishaingia ndani hayatoki. Viatu vya kawaida vyenye soli ya meno, vinavyokauka haraka, vinatosha. Na fimbo, kata ya kwako mwenyewe mapema. Watoto wa shule ndio walitufundisha kushuka: usikanyage katikati ya njia pale pameng'aa, kanyaga pembeni kwenye majani, mguu uuweke kwa ubavu, magoti yalegee. Kuna kitoto kimoja kilikuwa na daftari kichwani na mwamvuli wa jani la mgomba, kilishuka mbele yetu kinaimba, sisi watu wazima tumeshikana mikono.

Karongi ndiko tuligombana. Mvua ilikuwa imetushikilia, mpiga picha anatakiwa kazini, akapata mtu wa boti anatuvusha mbele kidogo tukomboe muda. Saa nane inakaribia. Yule dada wa Kadutu akasema yeye hapandi. Hakupiga kelele, alikaa tu kwenye sakado yake, mfuko wa mgongoni, akasema mimi ziwa hili nalijua, saa hii sipandi. Tulibishana sana, maneno mengine makali, mwenye boti anasubiri, yeye anarudia lile lile. Mwishowe mwalimu akatukumbusha mapatano tuliyoweka Goma kabla ya kuvuka: mmoja akisema hapana kwa habari ya maji ao radi, wote wanabaki, na hakuna kumnunia. Tulibaki. Saa tisa ziwa lilikuwa na mawimbi meupe, visiwa vya mbele havionekani. Siandiki hii kusema nani alikuwa na haki, hata kama ziwa lingetulia mpaka jioni mapatano ni mapatano. Naiandika juu wengi mnapanga safari na marafiki mnapanga chakula, mnapanga hela, ila hampangi nani ana haki ya kusimamisha wenzake. Pangeni hiyo kwanza.

Habari za mpaka: jeto, kile kikaratasi cha kuvuka siku moja, halikufikishi Karongi, mnahitaji karatasi ya kweli, ile ya CEPGL (umoja wa Kongo, Rwanda na Burundi) ao pasipoti, na mambo ya barrière yanabadilika, kwa hiyo nendeni muulize hapo hapo juma hilo hilo mnalotaka kutoka. Sashe za plastiki acheni nyumbani, Rwanda ilizikataza tangu 2008, watakunyang'anya pale pale. Nguo za kulalia tulifunga kwenye mfuko wa unga ule wa kusuka, ndani yake kipande cha turubai, hazikuloa hata siku moja.

Ulizeni.

Katuba Kwetu

Yambo wandugu wa Kivu. Miye niko Lubumbashi, huku ziwa tunaonaka ni Kipopo tu hahaha, kwa hiyo nasoma hii nikiwa na wivu mkubwa. Huku kwetu mvua iko na adabu, inaanza mwezi wa 10 ao wa 11, mwezi wa 4 imekwisha, halafu hata tone hupati miezi na miezi, vumbi tu. Hii ya kwenu ya asubuhi jua mchana radi inanishangaza. Maswali yangu: moja, ni kweli ile ziwa iko na gazi chini na inaweza lipuka? Muliogelea? Mbili, mulilala wapi, mahema ao nyumba? Tatu, na radi mulifanya nini?

Himbi Ziwani

@Katuba Kwetu hiyo ya gazi wacha nijibu mimi, nimekulia pembeni ya maji.

Kweli iko. Ziwa lina kina karibu mita 485, na huko chini kabisa kumelala gazi kabonika (CO2) nyingi sana pamoja na metani, ya kabonika inafika kama kilomita 300 za ujazo na metani kama 60. Inabaki chini sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Ukifika Karongi utaona mtambo umesimama ndani ya ziwa, ni KivuWatt, wanavuta maji ya chini, wanatoa metani, wanafanya umeme, megawati 26. Kuogelea juu hakuna shida, watoto wa Goma wote wameogelea, na mamba hakuna.

Ila kitu mwenye uzi hakusema, na wenye kutaka kulala nje lazima wakijue: mazuku. Hiyo iko huku upande wetu wa kaskazini, kwenye mawe ya volkano, kuanzia huku mjini kuelekea Mugunga na Sake. Kabonika inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inajaza mashimo na mabonde madogo, haina rangi, huisikii harufu. Mbuzi anashuka kula majani anaanguka. Mtu vilevile. Usiku na asubuhi mapema ndipo inakaa zaidi, juu hakuna jua wala upepo wa kuitawanya. Kwa hiyo mtu asije akasema nimesoma uzi ngoja nijaribu hema langu hapa karibu na nyumbani, anaweka kwenye kashimo kazuri kamejikinga na upepo. Hako kashimo ndiko kenyewe. Uliza wenyeji, lala juu, na ukiona wadudu ao ndege wamekufa mahali, toka hapo haraka bila kuinama.

Mwana Katindo

Asante sana @Himbi Ziwani, hiyo ilistahili iwe kule juu kabisa.

@Katuba Kwetu tulilala nyumba, si mahema. Cyimbili na Kinunu kuna nyumba za wageni za watu wa kahawa, safi, ziwa liko hapo chini. Karongi ni mji, utapata kila bei. Kwingine tulilala kwa masista, kwingine tuliomba chumba kwa watu. Hema tulikuwa nalo moja, tulilitumia kama pazia la kuanikia nguo. Kwa kipindi cha mvua sishauri hema, vitu vikishaloa mara moja kule havikauki tena.

Radi ndiyo iliyokuwa inanikosesha usingizi kabla ya safari. Huku mashariki mwa Kongo tuko kati ya sehemu radi inapiga zaidi duniani kote, hii si maneno ya vijiweni, wamehesabu kwa satelaiti. Sisi tulikuwa tunahesabu kwa mdomo: mwanga ukipiga unaanza moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo ifike, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Tukifika chini ya thelathini tayari tuko ndani ya nyumba, yaani kilomita kumi hivi, na hatutoki mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, hapana. Kwenye mgongo wa mlima, hapana. Kwenye maji ndiyo kabisa hapana. Mara moja tulikaa kwenye darasa la shule karibu masaa matatu, mwalimu wetu akakuta chaki ameanza kufundisha watoto waliokuwa wamekwama nasi ramani ya maziwa.

Mtu wa Boti

Nimefanya ziwa hili miaka mingi, Goma, kisiwa cha Idjwi, Bukavu. Yule dada wa Kadutu mpeni salamu zangu za heshima.

Watu wanafikiri ziwa si bahari kwa hiyo halina nguvu. Upepo wa mchana ukija unakuja umejipanga, mawimbi ya Kivu ni mafupi yanafuatana, mtumbwi hauna muda wa kupanda na kushuka, unajaa. Ile boti iliyozama tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 karibu kabisa na bandari ya Kituku hapa Goma ikitoka Minova, watu waliosimama bandarini kusubiri ndugu zao waliiona kwa macho. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na mawimbi yakafanya mengine. Sisi wa boti tunalia mpaka leo.

Kwa hiyo kama lazima upande: asubuhi mapema, hesabu watu kabla, jile ya kuelea kila mtu na yake imefungwa, si ya kukalia. Na mwenye boti akikwambia tusubiri, usimwongezee hela ili aende.

Nyawera Juu

Mimi sikubaliani na jambo moja. Picha nzuri, safari nzuri, lakini kwa nini mpeleke watu kipindi cha mvua wakati kiangazi kipo? Mwezi wa 7 njia kavu, hakuna radi, hakuna kubishana Karongi. Mnasahau 2023? Usiku mmoja wa mwezi wa 5, kuamkia tarehe 3, milima ya Rutsiro, Karongi, Rubavu ilishuka juu ya nyumba za watu, zaidi ya 130 walikufa, mto Sebeya ukatoka kwenye njia yake. Kesho yake tarehe 4 huku kwetu Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya 400, vijiji vilifutika siku ya soko. Nina jamaa pale. Mimi mvua ya mwezi wa 5 siwezi kuichukulia kama mandhari.

Mwana Katindo

Ndugu yangu pole sana kwa jamaa. Nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kujibu.

Sikupingi kwa watu wanaoanza. Mwenye hajawahi kutembea siku nyingi mfululizo aende mwezi wa 6 ukishakolea mpaka wa 8, nakubaliana nawe kabisa. Na hata sisi Sebeya tulipita tukiwa na woga, iko mwanzoni tu, ukitoka Gisenyi kuelekea Rubona unaivuka kabla ya kiwanda cha bia na yale maji ya moto ya Nyamyumba. Tulisimama kwenye daraja kuangalia rangi ya maji. Sheria yetu ilikuwa, mvua ikinyesha usiku kucha asubuhi hatutoki, hata kama kumepambazuka jua, juu mlima ulioloa usiku unaweza kushuka mchana wa jua. Tulilala siku mbili mahali pamoja sababu ya hiyo. Kijito kikiwa cha kahawia na kinabeba matawi hatuvuki, tunapanda gudroni. Na chini ya mteremko uliokatwa upya, ule wenye jeraha jekundu, tunapita mmoja mmoja bila kusimama.

Kwa nini sasa mwezi wa 5? Kiangazi ziwa linajifunika. Mashamba yanachomwa pande zote, vumbi, moshi, unatembea na ziwa siku nzima huoni ng'ambo. Mvua ikishanyesha hewa inaoshwa. Siku moja jioni baada ya kuloa tangu asubuhi kulifunguka, tukaona Idjwi yote kutoka kichwa mpaka mkia, nyuma yake milima yetu ya Kalehe, na kaskazini kabisa volkano yetu Nyiragongo amesimama na moshi wake. Dada mmoja alilia. Sisi wa Goma tunamjua Nyiragongo kwa 2002 na 2021, kwa kukimbia na godoro kichwani. Kumwona kwa mbali namna ile, ametulia, juu ya maji, ni kitu kingine, na wale wa kiangazi wengi hawakioni.

Na wavuvi wa sambaza. Saa kumi na mbili jioni wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, ile miti inatokeza mbele na nyuma kama pembe, wanapiga makasia kwa wimbo, mmoja anatoa wengine wanaitika. Usiku taa zao zinajaa ziwa lote. Na hawa samaki wenyewe si wa hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo huwezi kufikiria Goma ao Bukavu bila sambaza na ugali.

Dada Muuguzi Ibanda

Niongeze ya afya kidogo, nimewahudumia watembea kwa miguu wawili watatu wakifika huku Bukavu wakiwa hoi.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na njia inapanda zaidi ya hapo. Mtu aliyeloa, ana jasho, upepo unampiga, anaweza kushikwa na baridi ya hatari hata huku Afrika. Ukiona mwenzako anatetemeka halafu anaacha kutetemeka, anaongea maneno yasiyofuatana, anajikwaa ovyo, hiyo si uchovu. Mvueni vyote vilivyoloa, mvisheni kavu, blanketi, chai ya sukari, msimpe pombe. Nguo moja kavu kila mtu aiweke ya kulalia tu, asiitembelee hata akiambiwa nini.

Miguu: kila mkisimama vueni soksi, pakausheni, hasa katikati ya vidole. Lengelenge msilitoboe kama haliumi. Mkilala kwenye nyumba za udongo angalieni funza kwenye kucha, mapema ni rahisi kumtoa.

Maji ya ziwa msinywe hivihivi. Kolera iko pande zote za Kivu, haiishi. Chemsheni ao mtie dawa. Na mtu akianza kuharisha msingoje duka la dawa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo bila kuacha, huku mnatafuta kituo. Kibogora kuna hospitali kubwa, iko njiani kwenu.

Na swali langu kwa dada wa kwenye kikundi kupitia kwa mwenye uzi: usalama wenu kama wanawake ulikuwaje? Nina wadogo zangu wanataka kwenda wenyewe.

Mwana Katindo

Da Muuguzi nimemuuliza yule wa Kadutu, amesema niandike hivi hivi: njiani hakuona shida hata siku moja, watu wanasalimia, watoto wanafuata, wazee wanauliza munatoka wapi na munaenda wapi. Kilichomchosha ni vyoo na pa kuoga, kwa hiyo beba kitenge cha ziada, kinakuwa pazia, taulo, kanga ya kulalia, kila kitu. Usiku alikuwa analala chumba kimoja na dada mwenzake na funguo wanakaa nayo wao. Na amesema wadogo zako wasiwe chini ya watatu, mmoja akiumia mguu mwingine anabaki naye, wa tatu anaenda kutafuta msaada.

Katuba Kwetu

Asante wote, nimeandika kwenye daftari. Sasa ile maji ya Kivu inaendaka wapi? Juu mwenye uzi anasema Congo Nile na miye sijaelewa.

Mwana Katindo

Swali zuri hilo. Ile migongo ya milima unayoiona mkono wa kushoto ukishuka kwenda Bukavu ndiyo mpaka wa maji. Tone likianguka upande wa mashariki linaenda Nile. Likianguka upande wetu linaingia Kivu, linatokea Bukavu kwa Ruzizi, linashuka Tanganyika, linatoka Kalemie kwa Lukuga, linaingia Lualaba. Zamani sana Kivu lilikuwa linatiririka kaskazini, volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda mpaka yakapata mlango wa kusini. Na Kafubu yenu ya Lubumbashi inaingia Luapula, inapita Mweru, inatoka kwa Luvua, nayo inaishia Lualaba. Kwa hiyo mvua iliyotupiga Karongi na ya kwenu ya mwezi wa 1 zinakutana kule kule.

Mtu wa Boti

Safari ijayo fanyeni Idjwi. Ni kwetu, hakuna barrière, na ile miaka mingi ya vita kisiwa kilibaki kimetulia kuliko kwingine. Kaskazini chefferie (eneo la chefu) ya Rubenga, kusini Ntambuka, unatembea kutoka moja mpaka nyingine pembeni ya maji, mananasi kila mahali, kahawa, watu wapole. Magari yanahesabika. Mukifika jitambulisheni kwanza kwa chefu, hiyo ndiyo heshima ya kule, na akijua muko wageni wake hakuna atakayewasumbua.

Nyawera Juu

Idjwi mwezi wa 7 nakuja mimi mwenyewe.

Mwana Katindo

@Nyawera Juu basi umejiandikisha. Mwezi wa 7, kiangazi, kama ulivyotaka. Dada wa Kadutu amekubali, mwalimu shule zitakuwa zimefungwa. Wa Lubumbashi akipata likizo tunampokea Goma ao Bukavu, achague. Mapatano ya "mmoja akisema hapana" yanabaki vilevile na kila anayejiunga ayakubali hapa kwenye uzi kwa maandishi kabla sijaanza kuuliza boti ya kutuvusha asubuhi. @Mtu wa Boti, jile za watu saba zinapatikana?

Mtu wa Boti

Zinapatikana. Nitawaletea muzijaribu kabla, siku moja mbele, pale pale majini.